Maji ya Buni

Mtu akiniuliza mwaka ule nilikuwa nataka nini duniani, simung'unyi maneno: nilikuwa nataka kulala. Si fedha, si nyumba mpya, si safari. Kulala tu, kichwa juu ya mto, mpaka niamke mwenyewe bila mtu kunitikisa bega.

Aliyekuwa akinitikisa bega ni mume wangu Idrisa, Baba Shamsa. Ujana wake wote aliumaliza kwenye malori ya jasi kutoka Makanya, na kilichomweka macho kwenye usukani kilikuwa kahawa. Alipostaafu akabaki na moyo unaokwenda kama lori bovu: unavuta, unaruka, unasita, unavuta tena. Daktari akamwambia, mzee, kahawa basi, kile kilichokuwa kinakufukuzia usingizi barabarani ndicho kinachoufukuza moyo wako sasa. Baba Shamsa akajibu, "Nimesikia, daktari." Kusikia alisikia kweli.

Shida ni kijiwe. Hapa Same wazee wa rika lake hukutana kila siku baada ya swala ya alasiri kwa Hamisi, muuza kahawa wa karibu na stendi. Pale hakuna kiingilio ila kikombe. Ukipokea kikombe wewe ni mwenzao. Ukikikataa utaulizwa umegombana na nani, na ukisema ni ugonjwa, watakupa pole kila siku kwa sauti ya msibani mpaka utamani kufa kweli. Baba Shamsa alijaribu kukaa bila kikombe, akarudi nyumbani amevimba. "Wananitazama kama maiti," akasema. "Hata hadithi yangu hakuna aliyeibishia."

Kwa hiyo ilikuwa hivi. Akienda kijiweni anakunywa, na usiku moyo unamwenda mbio, ananiamsha: "Mama Shamsa, shika hapa. Unasikia?" Nasikia. Nakaa nimekishika kifua cha mtu mpaka adhana ya alfajiri. Asipokwenda, anashinda uani akigombana na kuku, kuku wakiisha kukimbia ananigeukia mimi, na usiku anajigeuza kitandani kwa kinyongo, kitanda kinalia, na mimi niko macho vilevile. Kwa upande wangu hapakuwa na tofauti. Na nisisitize jambo moja: mimi kahawa sijawahi kuinywa. Chungu, nyeusi, na kwangu harufu yake ni harufu ya mwanamume anayechelewa kurudi.

Shamsa, binti yetu wa kwanza, yuko Moshi, anafanya kazi kwenye maabara ya kampuni ya kahawa. Alipokuja Idi alimletea baba yake kopo. "Baba, hii imetolewa kafeini. Kunywa utakavyo, moyo hautajua." Ilikuwa ya unga wa kukoroga, imetoka ng'ambo. Baba Shamsa akaonja, akakiweka kikombe chini taratibu.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Lakini hii haijawahi kuuona mlima."

Yeye anataka buni ya huku kwetu juu, ikaangwe nyumbani, itwangwe kinuni, ichemshwe mpaka iwe nzito. Nikamvuta Shamsa jikoni.

"Hicho kitu wanakitoaje?"

Akacheka. Akaona sicheki, naye akaacha.

"Mama, hawakitoi kwenye unga, wala kwenye buni iliyokwisha kukaangwa. Wanakitoa ikiwa mbichi. Wanaivukiza kwanza ivimbe, ifunguke, halafu kafeini inavutwa. Wengine wanatumia dawa ya kiwandani inayoinasa, wengine hewa iliyobanwa kwa nguvu kubwa. Wengine maji matupu na mkaa."

"Maji ninayo. Na mkaa ninao."

"Maji hayachagui, Mama. Yanatoa kafeini, yanatoa na utamu wa kahawa. Ndiyo maana kiwandani buni ya kwanza wanaitoa kafara. Wanailoweka mpaka maji yashibe kila kitu, kisha wanayapitisha kwenye mkaa maalumu, unaonasa kafeini tu na kuuacha utamu. Sasa wanaleta buni nyingine na kuiloweka kwenye maji yaleyale. Maji yameshashiba utamu, hayachukui tena. Yanachukua kafeini peke yake. Kama mtu aliyeshiba wali: ukimwongeza wali hataki, lakini ukimpa maji atakunywa."

Nikaelewa. Shamsa akanionya kwamba mkaa wao si huu wa kupikia, na kwamba nyumbani nitapunguza tu, sitamaliza. Nikamwambia kupunguza kunatosha. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba ningeambiwa niupepete mlima wa Shengena, ningeuliza ungo uko wapi.

Buni niliipata kwa Melkizedeki. Huyu ni mkulima wa Vudee, anashuka kwa pikipiki kuuza ndizi, maharage na buni. Ni Msabato, tena wa kushika dini. Babu yake alilima kahawa, baba yake akalima, yeye analima, na hakuna katika wote aliyewahi kuinywa, maana kanisani kwao kahawa haikubaliki, wala majani ya chai. Nilipenda kumtania. "Shikamoo" yake nikishaiitikia, namwuliza, "Melkizedeki, sumu yako bei gani leo?" Naye anajibu kwa upole wake, "Mimi nalima tu, mama. Anayekunywa atajibu mwenyewe."

Nikaanza. Ule ufundi wa mkaa niliufanya mara moja. Nilitwanga mkaa, nikayachuja maji, nikaloweka, nikakaanga, nikachemsha, na Baba Shamsa akatoka na meno meusi kama mtoto aliyelamba sufuria. Nikauacha. Nikashika njia ya mwanamke wa kawaida, ile tunayotumia kwa maharage yenye gesi: maji ya moto juu ya buni, funika, subiri, mwaga, weka mengine. Buni inavimba, inakuwa laini, maji yanatoka na rangi ya kijanikijani. Maji ya kwanza ndiyo mazito, ya pili yamepungua, ya mwisho yanakaribia kuwa maji. Kisha unaianika buni juani hadi ikauke vizuri. Ukiikaanga usigeuze shingo, maana inaiva haraka kuliko ya kawaida na inaungua ukiwa unaitazama. Ladha iliyopotea niliirudisha kwa tangawizi, iliki na ubishi.

Ilikuwa kazi. Kuni, maji, jua, kuku wanaotaka kuiparua, kutwanga, kuchekecha. Mikono iliniuma hadi viwiko. Lakini Hamisi alikubali kuiweka kwenye chupa yake ya chai pembeni, akimmiminia Baba Shamsa kikombe kama wenzake. Siku ya kwanza nilisubiri mlangoni kama mama wa bwana harusi.

"Wamesemaje?" nikamwuliza.

"Wamesema ni kahawa iliyooga," akajibu. "Lakini hadithi yangu wameibishia mpaka magharibi."

Akalala. Jamani, alilala! Alikoroma kama zamani za malori. Moyo wake ukatulia, ukaacha kurukaruka. Jirani yangu Mwanahalima akaniambia mumeo amenenepa uso. Nikasema alhamdulillahi, sasa zamu yangu.

Zamu yangu haikuja.

Nilikuwa nalala chali, macho makavu, nikihesabu boriti za dari. Hakuna aliyenishika bega. Hakuna aliyesema shika hapa. Mwenzangu anakoroma, na mimi moyo unanidunda masikioni, mikono inanitetemeka, mawazo yanakimbizana kichwani: nani amefunga banda, Shamsa ataolewa lini, mwaka juzi shemeji alisema nini. Asubuhi naamka, kama kuamka ndiko kule, mwili umekufa na macho yako wazi. Nikawa mkali. Nilimfokea Mwanahalima kwa sababu alicheka. Nililia mbele ya mchicha.

Nikaenda hospitali. Muuguzi, binti mdogo mwenye adabu, akanipima presha na kuniuliza kama nakunywa kahawa. Nusura nimtukane. Nikamwambia kahawa ninaipika, siinywi. Akaandika, akaniambia, "Mama, pumzika tu." Pumzika tu! Nikatoka pale na hasira ambayo sikuwa na nguvu ya kuibeba hadi nyumbani.

Nikakubali kwamba ni uzee, au ni ule uchovu uliozidi kipimo, unaomzidi mtu hadi usingizi unamwogopa. Kila jioni nikawa nachemsha mchaichai, kikombe kikubwa, kama alivyonifundisha marehemu mama. Mchaichai hutuliza. Nilikunywa kimoja, nikaona hakinisaidii, nikawa nakunywa viwili.

Melkizedeki alipoleta buni nyingine, alikuwa amejaa vumbi la njiani, nikamkaribisha. Chai ya majani hanywi, kwa hiyo nikampa ule mchaichai wangu. Akanywa kwa heshima, nikamwongeza, akanywa tena, akashukuru, akawasha pikipiki, akapanda mlima wake.

Wiki iliyofuata alikuja bila mzigo. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Baba Shamsa alikuwa uani anachonga mpini wa jembe, nami nilikuwa nachambua mchele.

"Mama Shamsa," akasema, "nimekuja kuuliza jambo, na usinielewe vibaya."

"Uliza, mwanangu."

"Ile siku nilipotoka hapa sikulala. Nilifika nyumbani nikapalilia mpaka giza likaniondoa shambani. Nikala, nikajilaza, moyo ukaanza kunigonga. Mke wangu akaniuliza una nini, nikamwambia labda Bwana ananiita. Nikapiga magoti. Nimesali, mama, nimesali mpaka magoti yakavimba, nikamkumbuka kila mtu, hata mwizi wa mbuzi wangu nikamwombea. Asubuhi nikamwendea mzee wa kanisa, nikamwambia nimeitwa. Akaniuliza, jana ulikula nini, ulikunywa nini? Nikamwambia mchaichai kwa Mama Shamsa." Akaikunja kofia. "Mama, uliweka nini mle?"

"Mchaichai," nikasema. "Na sukari. Na maji."

"Maji gani?"

Nikauacha mchele, nikageuka kutazama jikoni.

Mtu asiye wa Same hawezi kuelewa, lakini nitamweleza. Maji hapa yanakuja kwa zamu, na zamu nyingine haiji. Ya mkokoteni unanunua kwa dumu, na mengine yana chumvi ya kuozesha sufuria. Tumelelewa hivi: maji hayamwagwi. Ya kuoshea mchele yanakwenda kwa mbuzi, ya kufulia yanakwenda kudekia, ya kudekia yanakwenda chooni. Sasa mimi niyachukue maji safi, yaliyochemka, niliyotumia kulowekea buni tu, niyamwage chini? Ningemwaga kwa mkono upi? Niliyaweka kwenye dumu pembeni ya jiko. Sikuyatumia kwa chakula cha Baba Shamsa, hapana, mgonjwa nilimchotea maji mapya. Yale yalikuwa yangu. Nilipikia maharage yangu, nilikorogea uji wangu, nilichemshia mchaichai wangu wa kutafutia usingizi. Yalikuwa na ukakasi kidogo, nikasema ni maji ya Same, lini yamekuwa matamu?

Nikamwambia Melkizedeki yote. Akasikiliza, akashusha pumzi.

"Kwa hiyo nimekunywa kahawa," akasema.

"Hukujua."

"Sikujua. Mungu naye anajua kwamba sikujua." Kisha akaniangalia usoni, labda ni mtu wa kwanza kuniangalia usoni tangu Idi. "Mimi vikombe viwili vilinifanya hivi. Na wewe, mama, unakunywa kila siku?"

Kabla sijajibu, nikasikia kicheko. Baba Shamsa alikuwa ameweka mpini chini, ameshika mbavu, machozi yanamtoka. "Mchimba kisima huingia mwenyewe!" akapiga kelele. "Yaani kahawa yangu yote umekunywa wewe! Lazima niwaambie kijiweni, wallahi, Hamisi atakufa kwa kucheka!" Na alicheka vizuri, kifua kipana, moyo umetulia tuli, moyo nilioutuliza kwa mikono yangu.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilikwenda jikoni, nikalivuta lile dumu, lilikuwa limejaa, nikalitoa hadi katikati ya uani, nikalilaza. Maji yakatoka yakibubujika, ya kijanikijani, yakaenea kwenye vumbi, yakapita miguuni pake, yakatoka chini ya uzio hadi njiani ambako Mwanahalima alisimama na ndoo yake akapiga yowe dogo. Hakuna aliyewahi kuona maji yakimwagwa hivyo kwangu. Mimi mwenyewe sikuwahi.

"Cheka," nikamwambia. "Cheka, Idrisa. Wewe umelala." Sikumwita Baba Shamsa. Kwa miaka mingi sikuwahi kumwita jina lake mbele za watu. "Ulipokuwa mgonjwa sikulala kwa ajili ya ugonjwa wako, ulipopona sikulala kwa ajili ya kupona kwako. Kilichotoka kwako kimeingia kwangu. Na hukuniuliza hata siku moja, we mke wangu, mbona macho yako hivyo? Hata huyu wa Vudee ameniuliza. Nimechoka, Idrisa. Sijui niseme kwa lugha gani. Nimechoka."

Akaacha kucheka. Melkizedeki akavaa kofia yake, akaomba ruhusa ya kuondoka, na kwa kuwa ni mtu wa shughuli zake, akauliza kwa sauti ya chini kama ule mzigo tuliomwagiza aulete. Nami, kwa mazoea tu, nikasema, "Lete."

Usingizi haukuja siku ile. Kilichokuja ni kichwa. Kiliniuma kama kimefungwa kamba, nikatapika, nikajifunika khanga usoni nisione mwanga. Shamsa akanieleza kwenye simu kwamba ndivyo mwili unavyoidai kafeini ukishaizoea, kwamba itapita. Nikamwambia kumbe mimi ndiye mlevi wa kahawa katika nyumba hii, akataka kucheka, akajizuia. Siku hizo Baba Shamsa alijipikia. Nilisikia vyombo vikianguka jikoni, nikasikia akiungua na kusema maneno ya barabarani, na sikuinuka. Buni iliyobaki aliiloweka mwenyewe. Nilimsikia akilalamika peke yake kwamba kuni zinatoa moshi, kwamba sufuria nzito, kwamba kuku ni wengi mno. Kijiweni hakwenda. Jioni moja alikuja akasimama mlangoni mwa chumba na viganja vyake vimebabuka, akavitazama, akanitazama, akaondoka.

Halafu kichwa kikaacha. Nikajilaza mchana, baada ya adhuhuri, si kwa nia ya kulala, ila kwa kuwa sikuwa na nia nyingine. Mwili ukawa mzito taratibu kuanzia miguuni. Nikasikia pikipiki ikizimwa nje, na sauti ya Melkizedeki, "Hodi hapa! Shikamoo, mzee!"

Nikajua ni mzigo. Nikajua lazima niinuke, nikaupokee, nikapime, nikatafute kuni. Nikaanza kuzitafuta ndala kwa mguu.

"Marahaba, marahaba," nikamsikia Baba Shamsa, akinong'ona, naye ni mtu asiyejua kunong'ona. "Punguza sauti, bwana. Mama amelala."

"Nimeleta ile buni, mzee."

"Rudi nayo. Mpelekee mwingine."

Melkizedeki naye akawa ananong'ona. "Sasa kule kwa wenzako utakunywa nini?"

"Nitakaa tu," akasema Baba Shamsa.

Nikaiacha ndala ilipo. Nikalala na uso ukutani, na machozi yakanitoka bila kelele, yakaingia kwenye mto. Nilitaka nibaki macho kidogo, kwa hiari yangu safari hii, nisikie kama atasema jambo jingine. Sikuweza.